Pine za nyuma za kamionete, Bukavu–Uvira: nipompe 2.5, 3.2 ao 4.5?

Mama Ndagala (Bukavu)

Jambo wote. Naomba wanaojua pine wanisaidie, maana watu watatu wamenipa hesabu tatu na kila mmoja anaapa kwa ya kwake.

Niko na Hilux ya kabine mbili. Niliinunua ikiwa imeshatumika, usukani kulia, iliingia kwa njia ya Dar es Salaam. Kazi yake ni moja tu: Bukavu–Uvira, mara mbili kwa juma. Tunashuka Nyangezi na Ngomo karibu tupu, labda mifuko minne ya maharagwe na abiria wawili. Tunapanda na mchele wa bonde la Ruzizi na ndagala kavu za kuuza Kadutu. Mdogo wangu ndiye anaendesha, mimi nakaa pembeni yake.

Pine zilikuwa 205R16C zote nne. Kwenye nguzo ya mlango wa shofa, pale kiwanda hubandika karatasi ya presha, gari ilipigwa rangi upya na karatasi ikafunikwa. Nilijaribu kukwangua kwa ukucha, rangi ikatoka pamoja na maandishi. Kwa hiyo sina pa kusoma.

Sasa kilichotupata. Mwanzoni tulikuwa tunapompa nyuma kilo 3.2 za upepo (bar) asubuhi hapa Panzi kabla ya kutoka. Siku moja tumefika Uvira saa nane mchana, jua kali, mdogo wangu akapima akakuta 3.7. Kwado, fundi wa pine wa pale, akasema, «Hii itapasuka, toa upepo.» Tukatoa mpaka 3.2. Tukapanda salama, tukashukuru. Juma lililofuata hatukupima Bukavu. Tulipofika Uvira manometa, kipimo cha upepo, ilionyesha 3.2 sawasawa, tukaona mambo mazuri. Tukalala, asubuhi tukapakia mifuko 18 ya mchele ya kilo 50 na mabunda ya ndagala juu, tukatoka saa tano. Tumepita Luvungi, ile barabara iliyonyooka ambapo kila shofa anapenda kukimbia, pine ya nyuma kulia ikapasuka. Ilikuwa kishindo kimoja, gari ikavutwa upande wa mtaro, mdogo wangu akashika usukani bila kukanyaga breki mpaka ikasimama yenyewe. Nilishuka magoti yanatetemeka. Mfuko mmoja wa mchele ulipasuka, lakini watu wote walikuwa wazima.

Ile pine niliishika ikiwa bado inachoma. Meno yake yalikuwa mazuri, bado marefu. Ubavu ndio uliokatika mzunguko mzima, kama umekatwa na kisu, na ndani kulikuwa na unga mweusi wa mpira, unaingia kwenye mistari ya vidole na hautoki hata kwa sabuni. Tulinunua pine ya okazyo, iliyokwisha kutumika, palepale, tukafunga, tukapanda.

Basi tangu siku hiyo: mdogo wangu anasema turudi kwa 3.2 na tusiguse tena. Kwado wetu wa Panzi anasema 2.5 inatosha, kwa sababu mawe ya Ngomo yanataka pine laini. Na shofa mmoja rafiki ya marehemu mume wangu akanionyesha maandishi ubavuni mwa pine, kilo 1060 za mzigo kwa 450 kPa, yaani 65 PSI ao kilo 4.5 za upepo, akasema kiwanda chenyewe kimekuambia 4.5, unabishana na nani? Tukajaribu 4.5. Wakati wa kushuka tupu gari ilikuwa inaruka kama mbuzi, na kwenye kona moja ya Ngomo yenye changarawe nyuma ikateleza kuelekea bondeni. Siwezi kusema ilikuwa mita ngapi. Niliona tu miti iko chini yangu.

Ninaomba mnijibu kwa sababu, si kwa namba peke yake. Na kama 3.2 ndiyo sahihi, mbona ilipasuka ikiwa na 3.2?

Kwado wa Kadutu

Mama, pole sana. Mungu aliwashika.

Hiyo swali ya mwisho ndiyo ya maana kuliko zote, na jibu lake ni kwamba haikuwa na 3.2. Ilikuwa na 3.2 *ya moto*. Presha inayotajwa na kiwanda ni ya pine baridi: gari imelala, ao imesimama masaa matatu, ao haijatembea zaidi ya kilomita mbili tatu. Pine ikitembea inajikunja na kujikunjua, inapata joto, upepo ndani unapanuka na namba inapanda. Kiwanda kinajua hilo, kimeshaliweka kwenye hesabu. Ile 3.7 mliyoiona Uvira ilikuwa 3.2 yenu ileile, imechemka. Mwenzangu wa Uvira alipotoa upepo, alitoa upepo wa kazi.

Mimi niko kwa kazi hii muda mrefu na nasema kwa uchungu: kosa hilo tunalifanya sana sisi makwado. Mteja anakuja, pine inachoma, namba iko juu, tunaogopa itupasukie mkononi, tunafungua valvu. Pine haipasuki kwa sababu imepanda nusu kilo. Inapasuka kwa sababu ina upepo kidogo na mzigo mkubwa, ubavu unajikunja kupita kiasi mpaka nyuzi za ndani zinaachana na mpira. Huo unga mweusi ulioushika ni ubavu ulijisaga wenyewe kutoka ndani. Nikiona unga huo kwenye jante, chuma cha gurudumu, sihitaji kuuliza kitu kingine.

Kuhusu 4.5: huo ni mpaka wa juu. Wanakuambia pine hii *inaweza* kubeba kilo 1060, na ili ibebe hizo inataka 450 kPa. Kama kila pine ya nyuma haibebi kilo 1060, hauhitaji 4.5. Na gari tupu kwa 4.5 inasimama juu ya kamstari kembamba katikati ya pine. Ndiyo maana nyuma iliteleza.

Ninaomba kitu kimoja kabla ya kukupa namba. Hiyo pine ya okazyo mliyofunga, chukua kitambaa chenye maji, safisha ubavu, soma kila kitu kilichoandikwa, utuandikie hapa. Kila kitu.

Shofa wa Ngomo

Mama, mimi nimepita Ngomo tangu wakati barabara ilikuwa inachukua siku mbili kwenye mvua. Simkatai kwado wa Kadutu, lakini na huyo wa Panzi ana kipande cha ukweli. Pine ngumu sana juu ya mawe inapiga, inapasua resori (springi) na kuchosha mgongo wa shofa. Pine yenye upepo mdogo inalala juu ya jiwe. Kwenye matope ya Nyangezi, gari *tupu*, mimi nimeshuka mpaka 1.6 na nikatoka pale wengine walikuwa wanasukumwa.

Ila kuna masharti mawili. Mwendo uwe wa mtu anayetembea kwa mguu, na uwe na kompresa yako garini ya kurudisha upepo ukishatoka. Asiye na kompresa asitoe. Na ukiwa na mzigo, usijaribu kabisa. Pine yenye mzigo na upepo kidogo inatoa tumbo pembeni, na tumbo hilo ndilo linakutana na jiwe kali. Meno ya pine ni mazito, yanastahimili jiwe. Ubavu hauna kitu, ni mpira mwembamba na nyuzi. Ukikatika ubavu, hakuna kiraka.

Mwalimu wa Bagira

Mama Ndagala, nafundisha fizikia sekondari na mfano wako nitaupeleka darasani kwa ruhusa yako, kwa sababu unaonyesha kitu ambacho wanafunzi hawakiamini.

Nimeihesabu safari yenu. Manometa inapima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje, kwa hiyo hewa ya nje lazima iongezwe kwanza. Bukavu tuko karibu mita 1500, hewa yetu ni kama 0.85 bar, Uvira, kando ya Tanganyika, ni karibu mita 770, hewa yake ni kama 0.92. Mlitoka hapa na 3.2 kwa nyuzi 15 za joto. Mkafika Uvira pine ikiwa na nyuzi 60 hivi. Hesabu inanipa 3.75 kwenye manometa, na ninyi mliona 3.7. Mkatoa mpaka 3.2. Pine hiyohiyo ikirudi kulala Bukavu kwa nyuzi 15 inabaki na 2.7. Juma lililofuata ikashuka na hiyo 2.7, ikachemka njiani, na ilipofika Uvira manometa ikasema tena 3.2. Haikuwadanganya, ilipima ilichokikuta. Asubuhi, ilipopoa, mngepima mngekuta kama 2.75, na mkapakia juu ya hiyo.

Angalia pia: kushuka kutoka kwetu hadi ziwani peke yake kunapunguza namba kwa chini ya 0.1. Watu wengi huogopa mwinuko, kumbe joto ndilo lenye nguvu. Kila nyuzi 10 zinabadilisha pine kama yako kwa karibu 0.15.

Sasa namba. Gari kama hiyo ikiwa tupu, nachukulia nyuma inakaa karibu kilo 700, yaani 350 kwa kila pine. Mifuko 18 ni kilo 900, ongeza ndagala, ni kama tani moja, na sehemu kubwa inalalia ekseli ya nyuma. Tuseme 1600 nyuma, 800 kwa kila pine. Pine inayobeba 1060 kwa 4.5, ikibebeshwa 800 inataka karibu 3.2. Haishuki sawasawa na uzito, inashuka haraka zaidi, ndiyo maana si 3.4. Kwa hiyo mdogo wako yuko sahihi, mradi iwe baridi na mzigo usizidi hapo. Kwa mawe yetu mimi ningeweka 3.3 ao 3.4. Ukiwa tupu, nyuma 2.2 mpaka 2.4. Mbele uzito haubadiliki sana, 2.2 safari zote.

Abiria wanaokaa juu ya mzigo wahesabiwe. Watu watatu ni mifuko minne.

Mama Ndagala (Bukavu)

Mwalimu, ruhusa unayo. Waambie wanafunzi kwamba mama aliyekuwa ndani ya gari ni mzima.

Kwado wa Kadutu, nimefanya ulivyosema. Nimetoka usiku huu na tochi na kitambaa, nimepiga goti nyuma ya gari. Kwenye pine ya kushoto, ya zamani, nimesoma: 205R16C, 110/108. Kwenye hii ya okazyo: 235/70R16, kisha 106, hakuna herufi C nyuma ya 16. Kuna maandishi madogo yanayosema presha isizidi 44 PSI. Na ndani ya kiduara kirefu kuna tarakimu nne, 0812.

Ni hizo. Aliyetuuzia alizisimamisha mbili pembeni kwa pembeni, zikalingana urefu, akasema ni sawa.

Kwado wa Kadutu

Urefu zinalingana kweli, tofauti haifiki sentimita moja. Ndiyo maana jicho linadanganyika.

Mama, hiyo si pine ya mzigo. C ndiyo inayosema pine imejengwa kwa gari la biashara, yenye nyuzi nyingi ubavuni. Yako ya okazyo ni ya jeep ya familia. Namba 106 ni ya uzito, maana yake kilo 950, kwa hiyo kwenye karatasi ungeweza kusema inatosha, lakini ubavu wake ni laini, na 44 PSI ni kama kilo 3 na nukta sifuri tatu. Maana yake namba ambayo mwalimu amekupa kwa mzigo, 3.3, hiyo pine hairuhusiwi kuipokea hata ikiwa baridi. Na mlipoweka 4.5 mliiweka na hiyo pia? Mama, ninaandika hapa mkono umenisisimka.

Tarakimu 0812 ni juma la 8 la mwaka 2012. Mpira unazeeka hata bila kutembea. Angalia chini ya meno, katikati ya mistari, utakuta nyufa ndogo kama za udongo wakati wa kiangazi.

Tena ziko mbili za aina tofauti kwenye ekseli moja. Moja ngumu, moja laini. Kwenye kona na kwenye breki, kila moja inafanya yake.

Usipande na mzigo tena juu ya hiyo. Tafuta 205R16C, yenye 110 ao zaidi, na kama mfuko unaruhusu chukua mbili uweke nyuma, ile ya zamani iwe ya akiba. Ukienda kununua, usitazame meno kwanza. Tazama C, tazama namba ya uzito, tazama tarakimu nne.

Shofa wa Ngomo

Na manometa nunua yako. Zile za kalamu za barabarani zimeanguka mara mia. Mimi nilipima pine moja kwa makwado watatu asubuhi moja, nikapata 2.6, 2.9 na 3.1. Pine ni ileile na saa ni ileile.

Mama Ndagala (Bukavu)

Ndugu zangu, nimekaa majuma mawili bila kujibu, nilikuwa natafuta pesa na pine. Nimepata mbili za 205R16C, mpya. Nilizisoma dukani nikiwa nimeinama mpaka muuzaji akaniuliza kama nimepoteza kitu. Ya 2012 nimekataa kuiuza. Kijana mmoja wa teksi aliitaka, nikamwonyesha nyufa, akaniambia yeye habebi mchele. Nimeikata, watoto wanapandia maua.

Nimenunua pia manometa yenye uso wa duara na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri. Manometa niliilinganisha na ya kwado wa Kadutu, nilikwenda kwake mwenyewe, tukasalimiana uso kwa uso, ndiye alinifungia pine. Zinapishana 0.05. Alichora mstari wa chaki kwa upana wa pine ya nyuma, mdogo wangu akatembeza gari mita mia kwenye lami. Kwa 2.3 bila mzigo chaki ilifutika yote sawasawa. Tukapompa 4.5 makusudi ili nione: ilifutika katikati tu, pande zote mbili chaki imebaki nyeupe kabisa. Upana uliogusa barabara ulikuwa kama kiganja changu bila vidole. Nikakumbuka ile kona.

Safari yetu sasa inakwenda hivi. Asubuhi Panzi, kabla injini haijawaka, 2.2 mbele na 2.3 nyuma. Tunashuka. Tukifika Uvira hatugusi valvu, hata kwado akisema nini. Tunalala, saa kumi na mbili asubuhi pine ni baridi, tunapompa nyuma 3.3 kwa kompresa yetu, pine moja inachukua muda wa kunywa chai. Halafu ndiyo tunapakia, mifuko 16, si 18, na hakuna mtu juu. Mifuko miwili niliyoitoa inaniuma, sitaficha, ni faida ya mafuta karibu yote.

Safari ya kwanza tulisimama Kamanyola kabla ya kupanda, mdogo wangu akaweka kiganja kwenye ubavu wa kila pine. Vuguvugu, zote mbili sawa. Siku ile ya Luvungi nisingeweza kuacha mkono pale hata kwa kuhesabu moja.

Limebaki swali dogo. Mara moja moja mzigo wa mchele unachelewa, tunalazimika kupakia mchana pine zikiwa bado za moto kutoka njiani. Nifanye nini siku hiyo?

Mwalimu wa Bagira

Kama unaweza kungoja masaa matatu kwenye kivuli, ngoja. Kama huwezi, pompa zikiwa za moto lakini ongeza juu ya namba yako 0.4. Ukilenga 3.3, weka 3.7. Asubuhi inayofuata, zikiwa zimepoa, pima tena na urekebishe. Kosa la kuzidisha 0.1 au 0.2 litakuletea mtikisiko tu. Kosa la kupunguza ulishaliona.

Mama Ndagala (Bukavu)

Aksanti mwalimu. Nimeandika 3.7 kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, chini ya zile nyingine, ili hata nisipokuwepo mdogo wangu aikute.